Kukasimu, kukaimu na kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka

Kukasimu mamlaka ni kumruhusu ofisa wa chini ayatumie mamlaka ambayo sheria imeyaweka mikononi mwa mkuu wake. Kitenzi hiki kimetoka katika Kiarabu chenye maana ya kugawa, na asili hiyo hupotosha. Wilaya ya Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe, mkoani Kagera, mwaka 2012, Karagwe haikubaki na madaraka juu ya eneo lililoondoka. Anayekasimu hamegi kwa namna hiyo. Mamlaka hubaki kwake, naye aweza kuyatumia mwenyewe wakati wowote.

Kukaimu ni jambo jingine: kaimu hukalia kwa muda kiti cha mwenye cheo, ilhali aliyekasimiwa habanduki katika cheo chake. Kwa hiyo sentensi "Mkurugenzi amemkaimisha wakili kutoa kibali" ina kosa. Iandikwe "amemkasimia wakili mamlaka ya kutoa kibali". Umbo "kukasimisha" limeenea katika nyaraka za ofisi, ingawa kiambishi hicho hakiongezi maana yoyote.

Ibara ya 59B ya Katiba ya Tanzania humpa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka, yeye mwenyewe au kupitia maofisa wanaofuata maelekezo yake. Bila mlango huo, mashtaka yote ya nchi yangesubiri saini moja.

Tofauti ya maneno haya huonekana wazi katika kesi za uhujumu uchumi. Karagwe na Kyerwa zimepakana na hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019. Mtu akishtakiwa huko kwa kukutwa na nyara za Serikali, shauri huhesabiwa kuwa la uhujumu uchumi, ambalo kwa kawaida ni la Mahakama Kuu. Ili lisikilizwe katika mahakama ya wilaya zatakiwa karatasi mbili: kibali cha kushtaki, na hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka. Ndiyo maana magazeti hayachoki kuandika kwamba mshtakiwa "hakutakiwa kujibu chochote".

Kifungu cha 26(1) cha Sheria ya Udhibiti wa Uhujumu Uchumi kinahusu kibali cha Mkurugenzi mwenyewe. Kifungu cha 26(2) humwezesha kutaja, katika Gazeti la Serikali, makosa ambayo maofisa wake waweza kuyatolea kibali. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya kesi kadhaa kwa sababu ofisa aliyekasimiwa alitia saini akitaja 26(1), kana kwamba yeye ndiye Mkurugenzi. Tarakimu moja ndani ya mabano ilitosha kubatilisha ushahidi wote uliokwisha kusikilizwa, na watu waliokuwa wakitumikia vifungo wakaachiwa au mashauri yao yakaanza upya. Mfasiri anayeandika "kibali cha Mkurugenzi" mahali penye saini ya ofisa amerudia kosa lile lile.

La kushangaza ni kwamba cheo cha ofisa huyo mara nyingi hueleza hali yake kwa usahihi. Mfawidhi, kama katika "Wakili Mfawidhi", hutokana na fawidhi, kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kumwachia mtu madaraka. Kugatua, kwa upande wake, ni kuhamishia madaraka ngazi za chini kwa mujibu wa sheria, kama yanavyopelekwa katika halmashauri. Mkurugenzi wa Mashtaka hagatui.