Bia ya Pipa: Povu Jingi, Gesi Kidogo na Hasara ya Chama



Miaka michache iliyopita niliombwa kutazama daftari la ghala la chama kimoja cha msingi chenye ukumbi wa starehe. Pipa la bia la lita 50 lapaswa kutoa gilasi 100 za nusu lita. Daftari lilionyesha gilasi 80, na mara nyingine pungufu ya hapo. Halmashauri ilikwisha kuandika barua ya kumsimamisha kazi mwuzaji. Kabla barua haijatolewa niliomba nimwone ndugu huyo akimimina. Gilasi ya kwanza ilijaa povu tupu, akaimwaga. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa nusu povu nusu bia. Hapakuwa na mwizi pale. Palikuwa na mpira mfupi mno na friji isiyopoza.

Makatibu kadhaa wameuliza juu ya jambo hili, na wako pia wanachama wanaotengeneza bia yao wenyewe katika mapipa madogo ya lita 19, yale yaliyoundwa hapo awali kwa ajili ya soda. Hivyo yafaa tueleze jinsi gesi inavyoingia katika bia na jinsi inavyotoka. (Anayekusudia kuuza, na si kunywa nyumbani tu, apate kwanza leseni. Hilo halina mjadala.)

Gesi yenyewe ni hewa ya ukaa, ile ile inayotolewa na hamira wakati pombe inapochacha. Mwaka 1803 Mwingereza William Henry alieleza kanuni inayotawala kazi hii yote: kadiri mkandamizo wa gesi juu ya kimiminika unavyozidi, ndivyo gesi nyingi zaidi inavyoyeyuka ndani yake. Kwa upande mwingine, kimiminika baridi hushika gesi nyingi kuliko kilicho vuguvugu. Kwa hiyo mambo mawili hayawezi kutenganishwa, yaani mkandamizo na ubaridi. Mtu anayesoma geji bila kupima joto la bia amesoma nusu ya habari.

Kipimo cha kawaida ni hiki. Bia ipozwe hadi nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, mtungi ufungwe kwa kupitia kipunguza mkandamizo (mafundi wa kuchomelea hukiita regyuleta), geji iwekwe kwenye paundi 12 kwa inchi ya mraba, kisha pipa liachwe hivyo kwa siku saba hadi kumi na nne. Walio katika nyanda za juu waongeze paundi moja hivi kwa kila mita 600 za mwinuko, maana hewa ya huko ni nyepesi. Kipimo kinachotosha Tanga hakitoshi Mbeya. Mwenye haraka aweza kupandisha hadi paundi 30 kwa siku moja, kisha atoe gesi iliyo juu ya bia na kurudisha geji mahali pake. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu mtu husahau kurudisha, na bia iliyozidi gesi ni taabu kuirekebisha.

Pasipo na umeme wa kutegemewa, sukari hufanya kazi hiyo. Bia ikiisha kabisa kuchacha, tia gramu 5 hadi 6 za sukari kwa kila lita, funga pipa, uliache mahali penye joto la kawaida kwa majuma mawili. Hamira iliyobaki itatoa gesi yenyewe. Bia ambayo bado inachacha isifanyiwe hivyo.

Sasa tuje kwenye povu. Bia ndani ya pipa imebanwa, na nje ya bomba haibanwi. Kazi ya mpira ni kuipunguzia bia nguvu polepole njiani, ili ifike kwenye gilasi imetulia. Mpira mwembamba wa upenyo wa ndani wa milimita 5 huhitaji urefu wa mita 2 hadi 3 kwa mkandamizo tuliotaja. Ukikatwa kuwa nusu mita, ati kwa sababu unatatiza njia, bia hutoka kwa kishindo na kuwa povu. Watu wengi huteremsha geji ili kutuliza povu. Siku hiyo hufaa, lakini baada ya siku mbili tatu gesi hujitenga na bia, mapovu hujaa ndani ya mpira, na mwishowe bia yenyewe inapooza. Rudisheni geji, nunueni mpira.

Povu la gilasi ya kwanza peke yake kwa kawaida hutokana na bomba lenye joto. Bomba lifunguliwe lote kwa mara moja. Kulifungua nusu ni kutengeneza povu kwa makusudi. Mpira na bomba visafishwe kila juma la pili, kwani utando unaoota ndani hukorofisha mtiririko na kuharibu ladha. Gilasi isiwe na mafuta, na ioshwe mbali na vyombo vya nyama.

Bia isipokuwa na gesi kabisa, shaka ya kwanza ni uvujaji. Changanyeni sabuni na maji, mpake kila kiungo: shingo ya mtungi, miunganisho ya mpira, kifuniko cha pipa na oringi zake. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Mara nyingi dawa ni oringi mpya na mafuta ya kulainisha yanayoruhusiwa kwa chakula. Grisi ya gari isitumike.

Hapa kuna kosa linalowapata hata mafundi. Geji ya mtungi haionyeshi kiasi cha gesi kilichobaki. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na maadamu kimiminika kipo, geji husimama palepale, kama paundi 830 katika nyuzi 20. Ikianza kushuka, mtungi umekaribia kwisha. Kipimo cha kweli ni uzito. Mizani ya kupimia mazao ya wanachama yatosha: pimeni mtungi, toeni uzito mtupu uliogongwa shingoni, mtajua. Pipa la lita 19 hutumia gramu 150 hivi za gesi, kuanzia kutiwa hadi kumiminwa lote.

Kutoka paundi 830 hizo yafahamike pia kwa nini mtungi usifungwe kamwe moja kwa moja kwenye pipa. Mapipa mengi madogo yameandikwa kikomo cha paundi 130. Mtungi usimame wima, ufungwe mnyororo ukutani, usiachwe juani. Kifuniko cha pipa kisiguswe kabla gesi haijatolewa yote. Kadhalika pampu ya magurudumu si badala ya mtungi, maana hewa ya kawaida huichakaza bia kwa siku moja au mbili.

La mwisho ni ghala. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hivyo hutuama chini, nayo haionekani. Mtungi ukivuja usiku kucha katika chumba kilichofungwa, atakayeingia asubuhi aweza kuanguka kabla hajatambua lolote. Mshumaa si kipimo, kwani mtu aweza kudhurika wakati bado unawaka. Milango ifunguliwe kwanza, watu wakae nje hadi chumba kipate hewa. Mwenzenu akiwa ameanguka ndani, msimkimbilie mmoja baada ya mwingine. Wengi wamekufa kwa kufuata namna hiyo. Ghala la mitungi liwe na matundu chini ya ukuta, karibu na sakafu.

Katika chama kile barua ilichanwa, mpira wa mita tatu ukanunuliwa, na friji ikapata fundi. Tulifungua pia ukurasa katika daftari la ghala kwa ajili ya bia iliyomwagwa: tarehe, nambari ya pipa, kiasi kilichopimwa kwa jagi, sahihi ya mwuzaji na ya mjumbe mmoja wa halmashauri. Makatibu wenye kumbi waanze ukurasa kama huo pamoja na pipa lijalo.