Nani alitumika katika magofu?

Kati ya 1849 na 1850 Mfaransa Maxime Du Camp alisafiri Misri, Nubia na Shamu akipiga picha za magofu. Albamu yake, iliyotoka 1852 ikiwa na picha 125, inafika hadi Baalbek, penye mahekalu ya Warumi. Katika picha nyingi za safari hiyo anaonekana mtu mmoja, mdogo kama sisimizi, juu ya sanamu au kando ya nguzo. Ni baharia wa mashua yake, Hadji Ismael. Kazi yake ilikuwa kusimama bila kutikisika ili mtazamaji apime ukubwa wa jiwe. Du Camp mwenyewe alisimulia kwamba alimdanganya: lenzi ni mzinga, ukisogea utakupiga.

Kwa Kiswahili sanifu tungesema: Ismael alitumika kama kipimo. Sarufi inakubali. Mtu wa ngeli ya kwanza anaingizwa katika kazi ya kitu cha ngeli ya saba, na kitenzi hakisemi ni nani aliyemtumia.

Sisi wa Lubumbashi tuna magofu yetu. Mwaka 2006 Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, alitengeneza mfululizo wa picha unaoitwa *Mémoire*. Alichukua picha za zamani za wafanyakazi na mabwana wa Union Minière, kampuni iliyoundwa 1906 na ambayo baada ya kutaifishwa ikawa Gécamines. Akawakata watu hao, weusi na weupe wa picha ya kale, akawasimamisha mbele ya viwanda vilivyochakaa vya leo, vyenye rangi ya kutu na vumbi. Picha moja moja haina jina: imeandikwa *Sans titre* na namba.

Nilimwonyesha nkambo wangu mojawapo kwenye simu. Nilitegemea atashangaa paa lililobomoka. Hakuligusa. Alivuta sura za wale vijana karibu na macho, akauliza: «Bale ni batoto ya nani?» Kisha akasema: «Balitumikaka apa.»

Mwanafunzi wa sanifu angesikia: walitumiwa hapa. Nkambo hakusema hivyo. Katika Kiswahili chetu *kutumika* ni kufanya kazi, na mtenda ni mtu mwenyewe. Maana hiyo si kosa wala si ngeni: sanifu nayo inaihifadhi katika *kutumikia* na *mtumishi*. Kiambishi *ba-* kinawaweka wale vijana katika ngeli ya watu, na *-aka* inasema kwamba haikuwa siku moja, ilikuwa desturi, miaka na miaka.

Basi kitenzi kimoja kinatupa njia mbili za kuisoma picha. Kwa njia ya kwanza, mtu yupo ili gofu lionekane kubwa. Kwa njia ya pili, gofu lipo kwa sababu mtu alilijenga, akalitia moto, akazeeka nalo. Hazifutani: waliotumika kwa maana yetu walitumika pia kwa maana ya sanifu, na kizazi cha nkambo kinalijua hilo kuliko sisi.

Tunaoandika maelezo chini ya picha za kale, tuanze na swali la nkambo. Ukubwa wa ukuta tutaupima baadaye.