Mwanasheria Mkuu aliyezishtaki kampuni za sigara na kumkaidi gavana wake

MNAMO Mei 23, 1994, katika mahakama ya mji mdogo wa bandari wa Pascagoula, kusini mwa Marekani, iliwasilishwa kesi ambayo mawakili wengi waliiona kuwa kichekesho. Jimbo la Mississippi, mojawapo ya majimbo maskini zaidi nchini humo, lilizishtaki kampuni kubwa za kutengeneza sigara likitaka zirejeshe fedha zilizotumiwa kuwatibu maskini waliougua kutokana na uvutaji.

Aliyeifikisha kesi hiyo mahakamani ni Michael Moore, Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, ambaye hapaswi kuchanganywa na mtengenezaji filamu wa jina hilo hilo. Miaka minne baadaye, kampuni hizo zilikuwa zimekubali kulipa majimbo ya Marekani mabilioni ya dola ambayo hakuna mahakama iliyowahi kuzidai.

Ili kuelewa jinsi wakili wa serikali ya jimbo maskini alivyoweza kufanya hivyo, ni lazima kwanza kuifahamu ofisi yenyewe, kwani haifanani na ile iliyozoeleka nchini Kenya.

Marekani ni shirikisho la majimbo 50. Kila jimbo lina bunge lake, mahakama zake na Mwanasheria Mkuu wake, mbali na yule wa serikali ya kitaifa jijini Washington. Katika majimbo 43, afisa huyo huchaguliwa na wananchi kwa kura, sawa na gavana. Katika majimbo matano huteuliwa na gavana. Huko Maine huchaguliwa na wabunge, na Tennessee huteuliwa na majaji wa mahakama ya juu ya jimbo.

Nchini Kenya, Mwanasheria Mkuu ni mshauri wa serikali kuhusu masuala ya sheria na huteuliwa na Rais. Ndivyo Amos Wako alivyoingia ofisini mwaka wa 1991 wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi, akadumu humo hadi 2011. Katiba ya 2010 iliongeza sharti kwamba anayeteuliwa aidhinishwe na Bunge la Kitaifa, na ikayahamishia mashtaka ya jinai kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hata hivyo, bado mteuzi ni Rais.

Huko Mississippi gavana hana uwezo wa kumfuta kazi Mwanasheria Mkuu. Wawili hao wanaweza kuwa wa vyama pinzani, wakasalimiana kwa shida, na kila mmoja akadai kwamba ndiye aliyetumwa na wananchi. Bila mpangilio huo, kesi ya Pascagoula ingezimwa kabla ya kusikizwa.

Bw Moore alizaliwa mwaka wa 1952 huko huko Pascagoula, mji wa viwanda vya kuunda meli. Alihitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka wa 1976, na miaka mitatu baadaye akachaguliwa kuwa kiongozi wa mashtaka wa eneo lake. Alijipatia jina kwa kuwafikisha kortini wasimamizi wa serikali za mashinani walioshukiwa kwa ufisadi, watu waliokuwa na usemi mkubwa katika siasa za huko.

Sifa hizo zilimwezesha kuchaguliwa Mwanasheria Mkuu mwaka wa 1987, akiwa na umri wa miaka 35 tu. Mnamo 1989 alijaribu kuwania ubunge wa kitaifa katika uchaguzi mdogo, akabwagwa. Yamkini kushindwa huko kuliwafaa wakazi wa jimbo lake kuliko ambavyo kushinda kungewafaa.

Wazo la kuzishtaki kampuni za sigara halikuwa lake. Lilitoka kwa Mike Lewis, wakili aliyesoma naye chuoni. Mwaka wa 1993, Bw Lewis alikuwa ametoka kumjulia hali mgonjwa katika hospitali moja mjini Memphis, mwanamke aliyekuwa akifa kwa maradhi yaliyosababishwa na sigara na ambaye matibabu yake yalikuwa yakilipiwa na umma. Swali lililomjia wakili huyo lilikuwa jepesi: kwa nini mlipa ushuru aubebe mzigo huo ilhali aliyeunda na kuuza sigara anahesabu faida?

Uzito wa swali hilo unaonekana mtu akikumbuka historia ya kesi za sigara. Kwa takribani miaka 40, wavutaji na jamaa zao walikuwa wamezishtaki kampuni hizo bila kupata hata senti. Mawakili wa kampuni walikuwa na jibu moja ambalo halikuwahi kuwatupa: mvutaji alijua hatari, akachagua mwenyewe kuvuta. Juri, yaani jopo la raia wa kawaida wanaoamua kesi katika mahakama za huko, lilikubaliana nao karibu kila mara.

Jibu hilo halikuweza kutumiwa dhidi ya jimbo. Mississippi haikuwahi kuwasha sigara, wala haikuchagua kuugua. Ililazimishwa na sheria kuwatibu maskini kupitia mpango wa Medicaid, ambao gharama zake hubebwa kwa pamoja na serikali ya kitaifa na majimbo. Kwa hivyo Bw Moore hakudai fidia kwa niaba ya mgonjwa yeyote, bali alidai marejesho ya fedha za umma. Aidha, aliipeleka kesi katika mahakama ya kijimbo inayoshughulikia haki na usawa, ambako kwa kawaida jaji ndiye huamua, si juri.

Fedha za kuendeshea kesi hazikuwepo. Bw Moore alimwendea Richard Scruggs, wakili tajiri wa Pascagoula aliyekuwa amechuma kutokana na kesi za wafanyakazi wa viwanda vya meli walioathiriwa na madini ya asbesto. Makubaliano yalikuwa kwamba mawakili wa kibinafsi wagharimie kila kitu, na wakishindwa wasidai chochote. Wakosoaji walilalamika kwamba kazi ya umma ilikuwa imekabidhiwa rafiki wa Mwanasheria Mkuu bila zabuni, na hawakuwa wamekosea kuuliza. Ilipofika Desemba 1998, wasuluhishi waliamua kwamba mawakili wa Mississippi walipwe takribani dola 1.4 bilioni, ingawa zilitoka kwa kampuni za sigara wala si katika hazina ya jimbo.

Wakati nao uliisaidia kesi. Mnamo Aprili 14, 1994, wakuu saba wa kampuni za sigara walikuwa wameapa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba hawaamini nikotini huleta uraibu. Wakati huo huo, maelfu ya kurasa za siri za kampuni ya Brown & Williamson, zilizonakiliwa na mfanyakazi wa kampuni ya mawakili mjini Louisville, zilikuwa zikipita mikononi mwa watu. Nakala moja iliwafikia Bw Scruggs na Bw Moore, nao wakaifikisha kwa wabunge. Kurasa hizo zilionyesha kwamba yaliyokanushwa hadharani yalikuwa yakijadiliwa ndani ya kampuni tangu miaka ya 1960.

Kisha akajitokeza Jeffrey Wigand, aliyekuwa naibu wa rais wa kampuni hiyo hiyo akisimamia utafiti. Alikuwa ametishwa kwamba angefungwa jela katika jimbo la Kentucky iwapo angefichua siri za mwajiri wake wa zamani. Novemba 1995 alisafiri hadi Pascagoula, akatoa ushahidi wake kwa kiapo. Kisa chake kilitengenezewa filamu, The Insider, iliyotoka mwaka wa 1999, na ndani yake Bw Moore aliigiza nafasi yake mwenyewe.

Tishio kubwa zaidi, hata hivyo, lilitoka nyumbani. Gavana Kirk Fordice wa chama cha Republican hakuitaka kesi hiyo. Mnamo 1996 alimshtaki Mwanasheria Mkuu wake katika Mahakama ya Juu ya Mississippi, akidai kwamba mpango wa Medicaid uko chini ya gavana na kwamba Bw Moore, wa chama cha Democratic, hakuwa na ruhusa ya kudai fedha zake. Kampuni za sigara nazo zilikuwa na hamu ya kuona hoja hiyo ikifaulu. Machi 1997 majaji walikataa kuisimamisha kesi.

Kufikia hapo majimbo mengine yalikuwa yameiga mfano huo, na Bw Moore alikuwa amezunguka nchi nzima akiwashawishi wenzake. Kampuni ndogo ya Liggett ilikuwa tayari imevunja safu mwaka wa 1996 kwa kupatana na majimbo matano. Juni 20, 1997, mawakili wakuu wa majimbo na kampuni kubwa walitangaza mapatano ya dola 368.5 bilioni, lakini mapatano hayo yalihitaji sheria ya Bunge la kitaifa, na mwaka uliofuata mswada wake ulifia katika Seneti.

Mississippi haikusubiri. Julai 1997, kesi yake ikiwa karibu kuanza kusikizwa, ilikubali zaidi ya dola 3.3 bilioni zitakazolipwa kwa miaka 25. Florida, Texas na Minnesota zikafuata moja baada ya nyingine. Novemba 23, 1998, majimbo 46 yaliyosalia yalitia saini mkataba wa dola 206 bilioni. Mabango ya sigara yaliondolewa barabarani, vikatuni vya kuwavutia watoto vikapigwa marufuku, na nyaraka za ndani za kampuni zikaanikwa wazi.

Kenya iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu udhibiti wa tumbaku mwaka wa 2004, ikatunga sheria yake mnamo 2007. Kanuni za 2014 zilizitaka kampuni zichangie asilimia mbili ya thamani ya bidhaa zao katika hazina ya kudhibiti tumbaku. Kampuni ya BAT Kenya ilizipinga hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliitupilia mbali rufaa yake mwaka wa 2019. Njia ya Nairobi ilikuwa ya kanuni na ile ya Mississippi ya kesi, lakini swali la nani abebe gharama lilikuwa lile lile.

Kushinda kesi kulimchukua Bw Moore miaka mitatu. Kuzilinda fedha kulimshinda. Mwaka wa 1999 jimbo liliunda hazina maalumu ya afya, na mwaka uliofuata mahakama ikaamuru dola 20 milioni kila mwaka zipewe shirika la kuwaepusha vijana na sigara. Uvutaji miongoni mwa wanafunzi ukashuka.

Bw Moore aliondoka ofisini Januari 2004 baada ya mihula minne. Mwezi huo huo aliapishwa gavana mpya, Haley Barbour, ambaye kampuni yake ya ushawishi jijini Washington iliwahi kuwawakilisha watengenezaji sigara. Bw Barbour alishikilia kwamba ni bunge pekee lenye mamlaka ya kugawa fedha za umma, na kisheria hoja hiyo haikuwa dhaifu. Mnamo 2006 mahakama ilikata malipo ya shirika lile. Hazina ya afya nayo ilichotwa mwaka baada ya mwaka kuziba mapengo ya bajeti. Kwingineko mambo hayakuwa bora: North Carolina, jimbo la wakulima wa tumbaku, lilitumia sehemu ya fedha zake kuwasaidia wakulima hao hao.

Mwaka wa 2008 Bw Scruggs alikiri, katika kesi isiyohusiana na sigara, kula njama ya kumhonga jaji, akafungwa miaka mitano.

Akiwa sasa wakili wa kibinafsi, Bw Moore alirejea uwanjani mwaka wa 2015, Mississippi ilipozishtaki kampuni zinazotengeneza dawa kali za kutuliza maumivu ambazo zimewaacha Wamarekani wengi wakiwa waraibu. Mara hii alisisitiza tangu mwanzo kwamba fedha zitakazopatikana zitumiwe kutibu waathiriwa. Mapatano ya kitaifa ya dola 26 bilioni yaliyotangazwa Julai 2021 kati ya majimbo na kampuni nne za dawa yanataka angalau asilimia 85 ya fedha hizo zitumiwe kukabiliana na janga hilo. Mkataba wa sigara wa 1998 haukuwa na sharti kama hilo.