Spika za Mezani Zilalazo Macho

Usiku mwenye nyumba huizima kompyuta yake, akafunga mlango, akaenda kulala. Zile spika mbili zilizo kando yake huzisahau. Taa yake ndogo ingali inawaka, na transfoma iliyo ndani ina uvuguvugu. Uvuguvugu huo ni umeme uliolipiwa.

Huko California, Marekani, mtaalamu Alan Meier wa Maabara ya Lawrence Berkeley aliupima umeme wa namna hii kwa miaka mingi, na mwaka 1998 alipendekeza kwamba chombo kilichopumzika kisitumie zaidi ya wati 1. Mwaka 2001 Rais George W. Bush aliziamuru idara za serikali yake kununua vyombo vya aina hiyo. Umoja wa Ulaya nao ulitunga kanuni mwaka 2008, na tangu 2013 kikomo kwa vyombo vingi vya nyumbani kikawa nusu wati. Spika za zamani hazikuundwa kwa kanuni hizo.

Dawa yake ni plagi ya kuamrishwa. Huchomekwa ukutani, na spika zikachomekwa kwake. Ndani mna swichi ya sumaku iitwayo rilei, pamoja na redio ndogo isikilizayo mtandao wa nyumbani. Kompyuta iamkapo huiamuru plagi iwashe. Hapana budi ingoje sekunde chache mpaka mtandao upatikane.

Kuzima ndiko kwenye visa. Mara nyingi kompyuta hulala kabla amri haijaondoka, na spika zikakesha. Wajuzi huandika programu fupi ifanyayo mambo mawili kwa zamu: kwanza spika zizimwe, kisha kompyuta ilale. Tena spika zikitangulia kuzimwa, ule mshindo uwashtuao watoto hausikiki.

Na hesabu je? Spika zinazokula wati 5 bure kwa saa 20 kila siku humaliza yuniti 36.5 kwa mwaka. Plagi nayo haifanyi kazi bila ujira. Ikila wati 1 mchana na usiku, hutumia karibu yuniti 9. Zinaokolewa 27 na ushei. Lakini kwa spika mpya za nusu wati, plagi hiyo ni hasara tupu, sawa na kuajiri mlinzi wa kuku mmoja kwa mshahara wa ng'ombe.

Familia za askari zajua maana ya lango lisilo na lindo. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na vyombo vingine vya majumbani vilivyoachwa na nywila za kiwandani, na mwezi Oktoba vikatumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata Twitter ikawa haipatikani kwa wengi. Nywila ya plagi na ibadilishwe siku ile ile inunuliwapo. Na asiyetaka mashaka hayo, waya wa soketi nyingi wenye swichi huzima spika vile vile, kwa kidole kimoja.