Nge na Sumu Yake

Wakati wa kilimo watu wengi wa Kilimanjaro hushuka kutoka vihambani kwenda tambarare iliyo chini ya Moshi, kulima mahindi na kukata majani ya ng'ombe. Huko kwenye joto na mawe nge hupenda kukaa, naye aweza kupandishwa mlimani ndani ya tita la kuni au la majani.

Nge ni jamaa ya buibui na kupe: ana miguu 8 na magando 2. Mchana hujificha, usiku huwinda wadudu. Hatagi mayai, bali huzaa watoto hai na kuwachukua mgongoni.

Wengi humwogopa nge mkubwa mweusi, lakini ukubwa si alama ya ukali. Mwenye magando manene hutegemea nguvu zake. Mwenye magando membamba na mkia mnene hutegemea sumu, na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi. Sumu yake huvuruga mishipa ya fahamu. Mtu mzima kwa kawaida hupata maumivu makali, kisha hupona. Bali mtoto mdogo aweza kufa.

Basi aliyeumwa asichanjwe, wala asifungwe kamba, wala jeraha lisinyonywe. Na lioshwe kwa maji na sabuni, kisha liwekewe kitambaa cha maji baridi. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, asingojewe mpaka atokwe na mate na jasho jingi au apumue kwa shida.

Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na tita lipigwe chini kabla ya kuingizwa nyumbani. Walimu na wazee, tafadhali wasomeeni habari hizi wasiojua kusoma.