Neno la Kushika: Mafundisho ya Zinzendorf na Msamiati wa Kiswahili, kwa Kurejelea Sikonge

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna mafundisho ya kiongozi wa dini yanavyosomwa na kutumiwa katika maisha ya kila siku, kwa kuzingatia lugha inayoyabeba. Mfano wetu ni Nikolaus Ludwig von Zinzendorf (1700-1760), kiongozi wa Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani. Kanisa la Moravian lina mizizi mirefu Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora. Wamoravian walipokabidhiwa kituo cha Urambo na London Missionary Society mwaka 1898, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia Unyamwezi pamoja na misafara. Hivyo mafundisho yao yaliikuta lugha yenye msamiati wake wa elimu, dini na uaguzi. Hoja yetu ni kwamba msamiati huo waweza kuyafafanua mafundisho hayo, na pia waweza kuyapotosha.

2.0 Fungu la siku

Zinzendorf alifundisha kuwa imani ni jambo la moyo na mwenendo kabla ya kuwa jambo la hoja. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728 aliwapa waumini wa Herrnhut neno moja fupi la kwenda nalo kesho yake. Desturi hiyo ikaendelea: kila asubuhi neno la siku lilipelekwa nyumba hadi nyumba, likazungumzwa. Kitabu cha kwanza cha mafungu ya mwaka mzima kilikuwa cha mwaka 1731. Jina lake la Kijerumani, Losung, lilitumika pia jeshini kwa maana ya neno ambalo kwalo mlinzi humtambua mwenzake. Fungu, basi, lilikusudiwa kutembea na mtu.

3.0 Neno na kushika

Hapa Kiswahili kinatoa msaada mkubwa. Nomino neno ina maana ya tamko, lakini pia ina maana ya jambo au shauri: tunasema "hakuna neno" au "ana neno nawe". Kwa mantiki hiyo, neno la siku ni tamko linalosomwa na vilevile ni shauri linalomkabili msomaji.

Aidha, kitenzi kushika kinaunganisha hatua tatu: kukamata kwa mkono, kuhifadhi akilini (kushika masomo) na kutii (kushika amri). Asiyetii hawezi kusemwa kuwa amelishika neno kikamilifu, hata akilikariri.

Tuchukue mfano wa mkulima wa tumbaku, zao kuu la Sikonge, ambaye fungu la siku yake ni Mithali 11:1, linalolaani mizani ya udanganyifu. Kulikariri ni rahisi. Shauri lenyewe humkuta anapofunga robota, akiwa na majani mabovu ambayo angeweza kuyaficha katikati. Hapo kushika kwa akili na kushika kwa utii hukutana, au huachana.

4.0 Kura na ramli

Tatizo linajitokeza katika uteuzi wa mafungu. Huko Herrnhut fungu la Agano la Kale huteuliwa kwa kura, kisha la Agano Jipya huchaguliwa ili lioane nalo. Maneno kura na ramli yote mawili yana asili ya Kiarabu, na katika masikio ya wengi yamekaribiana: yote huhusu jambo lisilotokana na hiari ya mtu. Msomaji aweza kudhani kuwa fungu linatabiri yatakayompata siku hiyo. Hata hivyo, tofauti ni ya msingi. Ramli humjibu mtu aliyeuliza habari zake, ilhali fungu huteuliwa mapema kwa wote, tajiri na maskini, nalo humuuliza yeye. Anayelisoma kama ramli hungoja litokee, na anayelisoma kama neno huondoka kwenda kulitenda.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kusoma mafundisho na kuyatumia si hatua mbili zilizotengana. Kiswahili chenyewe kimeziweka katika kitenzi kimoja. Wanafunzi wa uzamili wanaotafiti lugha ya dini wasiishie katika matini zilizochapishwa. Yafaa wakusanye pia mazungumzo ya nyumbani, shambani na mnadani, kwani huko ndiko hudhihirika kama neno limeshikwa.