Namba Iliyokaa Kama Kasha Lililofungwa

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za namba moja kubwa, nayo ni hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21, lakini njia ya kuipata ni nyepesi: twaa moja, uifanye maradufu mara 67, kisha uondoe moja.

Swali lililowasumbua wataalamu lilikuwa hili: je, ni namba tasa? Namba tasa ni ile isiyogawanyika kamili illa kwa moja na kwa yenyewe, kama 7 au 13. Bali 15 si tasa, maana ni 3 mara 5.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, jina lake Marin Mersenne, aliandika kwamba namba yetu ni tasa. Alikuwa mtu wa elimu kubwa, na neno lake likasimama zaidi ya miaka mia mbili. Hata mwaka 1876 Mfaransa mwenziwe, Édouard Lucas, akaipima kwa kanuni aliyoivumbua mwenyewe, akaona kwamba si tasa. Lakini kanuni ile haikumwonyesha namba ziigawanyazo. Alikuwa kama mtu atikisaye kasha lililofungwa: ajua kwamba ndani mna kitu, bali hajui ni kitu gani.

Kasha hilo lilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahesabu mjini New York. Frank Nelson Cole, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, alisimama mbele ya ubao. Husimuliwa kwamba hakunena neno. Upande mmoja alifanya ile hesabu ya maradufu, akaondoa moja. Upande wa pili alizidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakawa sawasawa, naye akarudi kitini, watu wakampigia makofi. Yasemekana kwamba alipoulizwa baadaye, alijibu kuwa kazi ile ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Angalieni basi tofauti iliyopo. Kuzidisha namba hizo mbili ni kazi fupi kwa kalamu na karatasi. Bali kuzitafuta, mtu akiwa na jibu tu, ni kazi ya miaka. Siku hizi kompyuta huzipata kwa nukta chache, lakini namba ikiwa na tarakimu mamia, kompyuta nazo huweza kushindwa. Juu ya ugumu huo zimejengwa, tangu mwaka 1977, baadhi ya kufuli za siri zilindazo barua na fedha zipitazo katika mitandao.

Nasi twapata funzo jingine. Mersenne aliaminiwa kwa sifa yake, naye alikosea. Cole hakuomba kuaminiwa: aliweka namba mbili ubaoni, na hata leo kila mwenye kalamu aweza kuzizidisha akaona mwenyewe.